Maji ya Peasi Siku ya Fainali

Uijeongbu, 14 Oktoba

Mdogo wangu Ok-bun,

Natumaini mama yako amekubali kula, na wewe umekubali kunyamaza anapokutukana. Mimi mzima, isipokuwa goti. Leo nimefunga duka langu la vitoweo mapema ili nikuandikie, maana tangu uhamie kisiwani kumuuguza mama sina mtu wa kumshika mkono mbio zikianza. Hawa wengine wa chama chetu cha mashabiki ni watoto. Mbio zinaendelea, wao wanatengeneza nywele wapigwe picha.

Nitakueleza kila kitu, kwa sababu televisheni ya kwenu inaonyesha chenga hata siku ya jua, na simu nikipiga anapokea mama yako, ananiambia hanunui kitu, anakata.

Msimu wa mbio za kuteleza kwenye barafu umefunguliwa Harbin, China, Jumamosi. Mita elfu moja na mia tano, mizunguko kumi na tatu na nusu, fainali watu sita. Bit-na wetu alikaa nyuma mizunguko tisa, mikono mgongoni, mpaka nikamwambia kwenye kioo cha televisheni, "Wewe, umekwenda huko kuwasindikiza?" Mzunguko wa kumi akapanda kwa nje, akawapita wawili kwenye kona moja. Wa kumi na mbili alikuwa wa pili, nyuma ya Qiao, yule Mchina mrefu mwenye viwiko. Halafu akakohoa. Nimerudisha mkanda mara nne, Ok-bun, sijakosea. Mabega yaliruka, mguu wa kulia ukachelewa, wakampita wawili. Wa nne.

Kikohozi hicho anacho tangu Agosti. Jumapili akipewa ruhusa kambini huja dukani, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, palepale alipozoea kukaa akiwa na miaka kumi na mmoja, anachota maharage matamu kwa vidole na kukohoa. Nikamuuliza, "Daktari wa timu anasemaje?" Akanijibu, "Anasema nipumzike, shangazi." "Lini?" "Hajasema."

Aprili wanachagua timu ya Olimpiki. Ile iliyopita aliikosa kwa kifundo cha mguu. Sasa ana ishirini na mmoja; akiikosa na hii, hiyo nyingine atakuwa na ishirini na mitano, na unawajua hawa wa miaka kumi na saba wanavyokuja wana njaa. Mwambie kaka yako Chil-seong atutengenezee kitu cha kifua katika duka lake la mitishamba. Kile alichonipa mwaka ule wa homa ya mapafu kilinitoa kitandani.

Dada yako,
Pyo Geum-ran


Kisiwa cha Ulleung, 26 Oktoba

Dada Geum-ran,

Barua yako ililala bandarini Pohang siku tano kwa sababu meli haikutoka. Huku bahari ikichafuka, tunakuwa nchi yetu wenyewe. Mama anakula. Ananitukana pia, lakini kwa sauti ya chini, nadhani anaanza kunizoea.

Nimesoma mbio zako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na mama akauliza huyo msichana ni wa nani. Nikasema wetu. Akasema, "Wetu kwa nani?" Tumemfuata tangu alipoanguka kwenye mashindano ya wilaya akainuka na damu puani akamaliza. Wewe ulipeleka leso, mimi nilikuwa nauza tiketi. Kama hiyo haitoshi kumfanya wetu, basi sijui.

Kaka amechemsha dawa siku mbili, duka zima linanuka. Nakutumia vifuko thelathini, kimoja asubuhi na kimoja jioni, ipashwe moto. Nilimwambia tu kwamba ni kwa msichana jamaa yangu mwenye kikohozi cha baridi. Jina sikutaja. Kaka akisikia mtu maarufu anakunywa dawa yake, kesho picha itabandikwa dirishani.

Ukiwa na mkanda wa Harbin, nitunzie. Nataka kukiona hicho kiwiko cha Qiao mwenyewe.

Mdogo wako,
Do Ok-bun


Uijeongbu, 9 Novemba

Mdogo wangu,

Vifuko vimefika salama. Bit-na alikuja Jumapili kabla ya safari ya Italia, nikampashia kimoja, nikamwekea kwenye bakuli. Akanusa, akalisukuma.

"Shangazi, haturuhusiwi dawa ya nje. Hata ya mafua. Wanatupima mkojo."

"Hii si dawa, ni majani."

"Majani ndiyo mabaya zaidi. Ndivyo tulivyofundishwa."

Nikamwambia majani haya yamelea nchi nzima kabla huyo daktari wake hajaota meno. Akacheka, akala maharage, bakuli hakuligusa. Amekuwa askari, mtoto huyu. Kile kimoja nimekinywa mimi. Vingine nimevipanga kwenye friji nyuma ya ndoo ya kabichi ya kimchi, mpaka akili imrudie.

Sasa sikiliza ya Italia. Nusu fainali, wako mstarini, mwanzishaji wa mbio amesema tayari, kimya kabisa, na Bit-na akakohoa. Akajongea kabla ya bastola. Mwanzo mbaya. Wakapangwa tena, akakohoa tena, akatolewa. Ametolewa kwenye mbio kabla mbio hazijaanza, kwa sababu ya makohozi. Nilikaa mbele ya televisheni na koti langu mwilini kama mtu aliyekuja kutembea akakuta wenyewe hawapo.

Duru ijayo ni hapa nyumbani, Jeonju, tarehe tatu mpaka tano Desemba. Makocha wameshaanza kumzungumzia yule mdogo wa miaka kumi na saba, Seol-ah. Mbele yangu wanamzungumzia, pale pale kaunta, huku wananunua samaki wangu wa kukaanga.

Dada yako,
Geum-ran


Kisiwa cha Ulleung, 19 Novemba

Dada Geum-ran,

Leo naandika mbio mbio, simu yako haipatikani na meli iko gatini.

Dawa ile asiinywe. Jana kaka aliniuliza yule jamaa yangu anaendeleaje, nikateleza ulimi nikasema anakwenda kushindana Jeonju. Akauliza kushindana nini. Nilipomwambia, alipiga meza mpaka mizani ikaanguka. Humo ndani ameweka mahwang, mmea wa kufungua kifua, na anasema huo umo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa kwa wanamichezo siku za mashindano. Unapandisha mapigo ya moyo, unaonekana kwenye mkojo. Kwa mimi na wewe ni dawa ya kikohozi tu. Kwake ni kufungiwa.

Kwa hiyo bora alivyokataa. Mtoto ana akili kutuzidi. Viache vikae mpaka msimu uishe, au vimwage, kaka hatakasirika. Nisamehe, nilipaswa kumwambia kaka ukweli toka mwanzo.

Mengine: mama ameanguka kizingitini akimfukuza paka aliyepanda kamba ya kuanikia ngisi. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Paka mzima.

Ok-bun


Uijeongbu, 30 Novemba

Mdogo wangu,

Naandika kidogo tu, nafunga mizigo ya Jeonju. Tunakwenda watu kumi na wanne, bango ninalo mimi. Pole sana kwa mkono wa mama, mwambie mifupa ya wazee inataka mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, na huyo paka mfungeni.

Bit-na nilizungumza naye kwa simu jana. Alikohoa kati ya kila neno. Akaniambia, "Shangazi, nikishindwa hapa nyumbani sidhani kama nitaweza kusimama Aprili." Sijawahi kumsikia anasema hivyo. Hata akiwa na damu puani hakusema hivyo.

Niombee.

Geum-ran


Uijeongbu, 6 Desemba

Ok-bun, Ok-bun,

Ameshinda. Nimepoteza sauti, nakuandikia kwa sababu ya kuzungumza sina.

Fainali ya elfu moja na mia tano ilikuwa saa tisa na nusu. Asubuhi nilimfuata mlango wa wanamichezo na chupa yangu ya moto, nikamwambia nimekuchemshia maji ya peasi na tangawizi kama zamani. Akayanywa yote amesimama, akanirudishia kifuniko.

Nikwambie mzunguko kwa mzunguko? Huyu hakuwa yule wa Harbin. Mizunguko mitano ya mwanzo alikaa wa nne, mwepesi, mdomo umefungwa. Umefungwa, Ok-bun, anapumua kwa pua. Wa nane Qiao akatoa kiwiko, Bit-na akapita chini yake, mkono wake wa kushoto unakwaruza barafu, nikaona vumbi jeupe. Wa kumi akashika mbele. Hapo ndipo siku zote hufa. Hakufa. Mzunguko wa mwisho Qiao alijaribu kwa nje, kwa ndani, akabaki anatazama mgongo.

Watu elfu nne wakasimama. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akanipasulia miwani. Bit-na alikuja chini ya bango letu, akainama mpaka kichwa karibu kiguse ukuta wa uwanja, kisha akanitazama mimi. Wengine watakwambia alitutazama sote. Alinitazama mimi.

Miaka kumi, mdogo wangu. Nimesimama mlangoni kwenye baridi miaka kumi nikisubiri siku hiyo moja, na imekuja.

Dada yako anayelia na hana aibu,
Geum-ran


Kisiwa cha Ulleung, 21 Desemba

Dada Geum-ran,

Meli haikutoka siku kumi na moja. Jana zimekuja pamoja barua zako mbili na gazeti. Nimesoma kwanza furaha yako. Nimecheka peke yangu hapa jikoni. Kisha nikafungua gazeti.

Wanasema mkojo wa Bit-na wa siku ya fainali umekutwa na kitu. Nimemsomea kaka hilo jina la maabara, refu kama treni. Akakaa chini. Alisema, "Hicho ndicho kilicho ndani ya mahwang."

Dada, nijibu maswali mawili. Barua yangu ya tarehe kumi na tisa ilikufikia lini? Niliitia kwenye mfuko wa barua gatini kwa mkono wangu, lakini sijui ilikaa wapi huko njiani. Na la pili, vile vifuko viko wapi? Uliniambia alivikataa. Niambie bado viko nyuma ya ndoo ya kimchi.

Silali. Ni mimi niliyeficha jina lake kwa kaka kwa ajili ya upuuzi wa picha ya dirishani. Kama msichana yule anakosa Olimpiki, anaikosa kwa mdomo wangu.

Ok-bun


Uijeongbu, 2 Januari

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka, kama ipo.

Jifute machozi. Barua yako ilinifikia tarehe saba Desemba, siku mbili baada ya fainali, imelowa kona moja. Lakini haina maana, kwa sababu vifuko vipo vyote nilivyokwambia, nyuma ya ndoo, havijaguswa. Unajitesa bure. Mimi nilimpa peasi na tangawizi, basi.

Ukiniuliza, ni maabara. Chupa za mkojo mia mbili kwa siku, vijana waliochoka, nani anajua wamemwaga nini wapi. Au mtu wa timu nyingine. Qiao alivyokuwa anamwangalia, sitashangaa.

Bit-na hajaja dukani. Ametoka kambini, yuko kwa wazazi wake, simu haipokei. Wanasema akionyesha kitu kile kiliingiaje mwilini mwake bila kukusudia, adhabu inakuwa ndogo, pengine onyo tu. Asipoweza, ni miaka miwili. Mtoto hawezi kuonyesha asichokijua.

Wewe kaa kimya kuhusu kaka yako. Magazeti yakisikia neno mitishamba yatamfungia duka kwa dawa ambayo hakuna aliyeinywa. Na mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nani amuulize muuza vitoweo?

Mama anaendeleaje?

Geum-ran


Kisiwa cha Ulleung, 24 Januari

Kwa Pyo Geum-ran,

Gazeti la michezo la tarehe kumi na tisa limefika jana. Bit-na ameiambia kamati ya uchunguzi kwamba siku ya fainali hakuweka kitu mdomoni nje ya chakula cha timu, isipokuwa maji ya peasi ya mama mmoja muuza vitoweo anayemjua tangu utotoni. Na mama huyo, wanasema, aliitwa tarehe ishirini na nane Desemba, akaeleza kwa sahihi yake kwamba maji yale yalikuwa peasi, tangawizi na asali.

Tarehe ishirini na nane, dada. Tarehe mbili uliniandikia kwamba hakuna aliyekuuliza kitu.

Nikatoa barua zako zote nikazipanga kitandani kwa mama. Tarehe thelathini Novemba, kabla hujapanda basi la Jeonju, umeniandikia pole kwa mkono wa mama. Umetaja na paka. Mkono wa mama niliuandika katika barua moja tu, ileile ya kukwambia dawa asiinywe. Hakuna mtu mwingine huko bara anayejua kuwa tuna paka.

Kwa hiyo uliisoma. Uliisoma vizuri mpaka ukamwonea huruma mama, kisha ukapasha dawa moto, ukaitia kwenye chupa ya peasi. Alikataa akijua, ukampa asijue. Alikuuliza, najua alikuuliza kuna nini humo ndani, kwa sababu huuliza kila kitu, na wewe ukamjibu.

Nimetafuta namna ya kukutetea. Jana nimekaa na mama mpaka supu ikapoa nikitafuta. Ningekuelewa kwa ile chupa, Mungu anisamehe, nimemwona akitolewa Italia kupitia barua yako, na mimi ningetamani kumpa chochote. Lakini ile sahihi siielewi. Alikutaja kwa sababu alikuwa na hakika ungesimama useme ukweli. Hilo ndilo tu lililokuwa linatakiwa.

Umenificha na mimi. Umeniacha nijilaumu mwezi mzima na ukaniambia nijifute machozi.

Kesho meli ikitoka, mimi na kaka tunakuja Seoul. Yeye ameandika alichokiweka katika kila kifuko, kwa gramu. Mimi nabeba barua zako, zote, mpaka ile ya ushindi. Nitaikabidhi kamati. Dukani kwako sitapita.

Do Ok-bun


Uijeongbu, 8 Februari

Ok-bun,

Sawa. Umefika, umenipeleka kwa kamati. Wamenisomea barua zangu mwenyewe mezani, mwanamke mdogo mwenye miwani anasoma "alinitazama mimi" kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Nikakubali kila kitu. Unachotaka zaidi ni nini?

Nani alimlisha yule mtoto wakati baba yake amefilisika na wao watatu wanalala chumba kimoja? Nani alikuwa anampelekea wali uwanjani saa kumi na moja alfajiri kabla ya shule? Si wewe, wewe ulikuwa unauza tiketi. Nilisoma barua yako, ndiyo. Niliisoma nimesimama kaunta. Nikasema, kaka yako anatia chumvi, madaktari wa mitishamba wote hupenda kuogopesha watu. Nikasema, wanapima watatu katika mia. Nikasema, kifua chake kikifunguka siku moja tu, ataona kwamba anaweza, na baada ya hapo hatahitaji kitu. Yote hayo niliyasema katika muda wa kumfungia mteja mmoja figili. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Kuhusu sahihi, niliogopa. Siku ile ya ishirini na nane chumba kilikuwa kimejaa wanaume wa suti, na katika korido walikuwa wamekaa wale watoto wa chama chetu wakinisubiri wanipe chai ya moto. Mama Pyo, mama Pyo. Ningetoka nikawaambia nini? Kwa miaka kumi mimi ni yule anayejua kila kitu kumhusu Bit-na.

Na kuna lingine, heri ulisikie kwangu. Vifuko havipo. Nilivimwaga siku ya Krismasi kwenye shimo la nyuma ya duka. Kamati inasema vingekuwepo wangevipima, wangeamini kila neno, na huenda lingeishia onyo. Bila vifuko wana maneno yetu tu. Nilipokuandikia tarehe mbili kwamba viko nyuma ya ndoo, pale nyuma palikuwa na ukuta wa friji.

Wamesema watatoa uamuzi mwezi wa tatu.

Geum-ran


Uijeongbu, 11 Aprili

Ok-bun,

Barua nne nimekuandikia, hujajibu hata moja. Sikulaumu. Labda hii utaichoma bila kuifungua, lakini mbio nimezoea kukuandikia wewe, na za jana sina mwingine wa kumwandikia.

Umesikia uamuzi. Amefungiwa miezi sita badala ya miaka miwili, kuanzia Desemba. Medali ya Jeonju wamempa Qiao. Waliniita wanisomee na mimi, sijui kwa nini, labda kwa adabu. Nikahesabu vidole vyangu chini ya meza. Adhabu inaisha Juni. Timu ya Olimpiki imechaguliwa jana.

Nilikwenda. Chama kimenifuta, bango wamechukua, nikanunua tiketi kama mtu wa barabarani na kukaa juu kabisa. Nilitaka kuyaona kwa macho yangu niliyoyasababisha. Nadhani hiyo ndiyo sababu.

Kabla ya fainali ya elfu moja na mia tano, wakati vijana wanamwaga maji kwenye kona kuziba mikwaruzo, mtu akaja akakaa safu yangu, viti viwili vikiwa katikati. Kofia ya sufu, koti la kawaida. Nilimjua kwa jinsi alivyoweka mikono.

Sikuthubutu kugeuka. Yeye ndiye aliyeanza.

"Goti lako, shangazi?"

"Lipo."

"Ngazi zote hizi umepanda kwa goti hilo."

"Nimepanda polepole."

Akatazama chini kwenye barafu. Chini wakawa wanaitwa majina, na kila jina likiitwa msichana anainua mkono. Seol-ah aliinua wa kwake juu kabisa, mdogo kuliko wote, bado ana mashavu ya kitoto.

"Kamati walinipa barua zako nizisome," Bit-na akasema. "Mpaka ile ya Januari. Nilikuuliza pale mlangoni kuna nini ndani ya chupa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwa umeshasoma onyo la shangazi Ok-bun."

"Nilikuwa nimelisoma."

"Na tarehe ishirini na nane, nilipowaambia wakuulize wewe. Niliwaambia, muulizeni shangazi, yeye atasema."

Ungejibu nini, Ok-bun? Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata anipige. Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Nilitaka ushinde."

Alivua kofia, akaiweka magotini, akaikunja mara mbili. Hakuwa analia. Hakuwa na hasira ya kuonekana. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao mstarini.

"Siku ile niliondoka kwenye barafu nikijua kwamba ninaweza," akasema. "Miguu yangu, kifua changu, nimemaliza mbele, nimeweza mwenyewe. Niliishi na jambo hilo siku kumi na tano. Sasa hata hilo sijui. Nikilala najiuliza, ningemshinda Qiao bila ile chupa? Hakuna wa kuniambia. Hata wewe huwezi kuniambia, shangazi."

Kweli siwezi. Nimeutazama mkanda wa Jeonju mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema, na kila mara namtazama mdomo, umefungwa, na sioni tena kama anayepumua ni yeye au ni mimi.

Wakajipanga. Mwanzishaji akasema tayari. Uwanja mzima ukanyamaza, na katika ule ukimya nilimsikia Bit-na akizuia kikohozi kwa kiganja, kana kwamba yuko mstarini na wao.

Bastola ikalia. Alihesabu mizunguko kwa midomo bila sauti, yote kumi na tatu na nusu, na mimi nikahesabu pamoja naye, kila mmoja kwenye kiti chake. Seol-ah alishinda. Wenzake wakamrukia, akaanguka kwenye barafu akicheka. Bit-na akasimama akampigia makofi, akaendelea kupiga hata watu walipoanza kukaa, kisha akashuka ngazi. Hakuniaga.

Nimerudi dukani, nimewasha jiko, nimeloweka maharage ya kesho.

Geum-ran